Maziwa Si Maski

Siku ya tatu ya kukwangua gundi, fundi alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta, akatoka nje, akaketi kwenye ukingo wa barabara na kuinamisha kichwa katikati ya magoti. Nikamuuliza, "Fundi, uko sawa?" Akasema, "Niko sawa, madam. Nitafutie tu maziwa." Nikakimbia kwa duka. Nilirudi na pakiti mbili baridi, nikijiona mtu mwema kabisa.

Nataka kugombana na hizo pakiti mbili. Nataka pia kugombana na mimi niliyezinunua, na nawe, kwa sababu nina hakika umewahi kununua zako.

Nyumba yenyewe ni mesoneti ya miaka ya 1970 huku Eastlands. Sebule na jikoni ziko chini, vyumba vitatu viko juu, na katikati kuna ngazi ya mbao yenye vidato 13. Tunakodisha watu watatu: mimi, dadangu mdogo na rafiki yetu wa tangu chuo. Tulipohamia, ngazi ilikuwa imefunikwa kapeti ya rangi ya maini ambayo hakuna aliyejua iliwekwa na nani wala lini. Mwenye nyumba alikubali tuing'oe na tuitengeneze ngazi, naye akate nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Tukaona hiyo ni dili.

Kapeti ilitoka kwa siku moja. Chini yake kulikuwa na sponji iliyogeuka unga, pini mia na kitu, halafu gundi: mabaka ya kahawia, mengine magumu kama kucha, mengine bado yananata kama ulimbo. Hapo ndipo harufu ilipoamka. Fikiria raba iliyopashwa moto, uongeze soksi za mvua na mkojo wa paka aliyekufa zamani. Ilipanda hadi vyumbani, ikaingia kwa mashuka. Rafiki yetu akienda kazini, mwenzake wa meza alimuuliza kama ameanza kazi ya kushona viatu.

Tukampigia mwenye nyumba. Akatupa jibu ambalo kila mpangaji wa Nairobi amewahi kupewa: "Pigeni vanishi tu, itaisha."

Pigeni tu. Hayo maneno mawili yamejenga nusu ya mji huu. Ukuta una unyevu? Piga rangi tu. Dari ina kuvu? Piga rangi tu, na ukiwa na bahati watapiga mara mbili. Choo kinanuka? Weka kale ka-freshna ka lavenda. Ukienda kuona nyumba na ukute harufu kali ya rangi mpya, usifurahi haraka. Jiulize rangi hiyo imelala juu ya nini.

Sisi tulipiga. Mikono miwili ya vanishi, Jumamosi nzima, tukiwa na muziki na chapati. Ngazi ikang'aa, tukapiga picha. Wiki mbili baadaye ilikuwa inang'aa na kunuka kwa pamoja. Pale palipokuwa na gundi laini vanishi haikukauka vizuri, ikawa inashika nyayo. Na kila siku ya jua kali, kuanzia saa nane mchana hivi, harufu ilirudi kama mpangaji mwenye funguo zake.

Tulijaribu yote unayoyajua. Vitunguu vilivyokatwa kwenye kila kidato. Kahawa kwenye visahani. Ubani. Siki. Baada ya mwezi tukaanza kusema imepungua. Haikuwa imepungua, pua zetu ndizo zilikuwa zimezoea. Pua ya binadamu ikikaa na harufu moja kwa muda, huacha kuiripoti. Mama alikuja kututembelea kutoka nyumbani, akafungua mlango, akasimama hapo hapo na mkoba wake. "Mnaishi humu?" Swali la upole kabisa, lakini lilitutoa usingizini.

Kwa nini haikuisha? Kwa sababu mbao si glasi. Mbao ina vinyweleo. Gundi ya kapeti inapopakwa juu yake, sehemu hukaa juu na sehemu hunywewa. Kisha miaka inapita. Maji ya kupigia deki yanapenya, chai inamwagika, mtoto anakojoa, mbwa naye. Yote yananaswa kati ya kapeti na ubao, na hakuna upepo wa kuyatoa. Raba ya gundi na ya mgongo wa kapeti inazeeka na kuvunjikavunjika, na jinsi inavyovunjika ndivyo inavyotoa harufu. Joto na unyevu huiharakisha. Ukipaka vanishi juu ya mchanganyiko huo, umefunika sufuria inayochemka. Mvuke utatafuta ufa, na ngazi ya zamani ina nyufa nyingi kuliko ahadi za mwenye nyumba.

Basi tukaamua kung'oa kabisa, vanishi na gundi. Tukatafuta fundi, mzee mpole aliyekuja na skrepa, nyundo na patasi kwa mfuko wa gunia. Alitaka shilingi 2,500 kwa siku, kwa siku nne. Mimi, mtoto wa mjini niliyesoma, nikaanza kupunguza. Nikamwambia siku nne ni nyingi. Nilikuwa nimeona video ya mtu akitoa gundi kwa petroli, inayeyuka kama siagi. Nikamletea lita mbili kwa chupa ya maji. Sikumletea kitu kingine chochote. Naandika haya ili ujue ni nani aliyeleta petroli ndani ya nyumba. Usije ukasema mafundi wetu hawajui kazi.

Siku hiyo ya tatu, alikuwa amefika kidato cha sita kutoka juu. Dirisha la juu lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua. Alikuwa amepiga magoti, uso wake sentimita chache kutoka kwenye ubao, akimimina, akisugua, akipumua. Dadangu akaingia jikoni kutupikia chai. Jikoni yetu iko mguuni pa ngazi, haina mlango. Alikuwa ameshika kiberiti tayari fundi alipopiga kelele, "Usiwashe!"

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, na hutembea mbali hadi ukutane na moto. Ngazi yetu ilikuwa imegeuka mfereji, na mwisho wa mfereji palikuwa na gesi ya kilo sita. Fundi alijua hilo. Mimi niliyeleta petroli sikujua. Baada ya kupiga kelele ndipo alipojaribu kusimama, kichwa kikamzunguka, akashuka akishika ukuta. Mengine nimeshayaeleza: ukingo wa barabara, kichwa kati ya magoti, maziwa.

Sasa tuongee kuhusu maziwa.

Sijui kama kuna mjengo katika nchi hii ambao hauna imani hii. Mpaka rangi anapewa maziwa. Wa welding anapewa maziwa. Anayepuliza fanicha kwa spreya anapewa maziwa. Eti yanasafisha kifua. Bosi anayenunua maziwa anaitwa bosi mzuri, na kusema kweli, ukilinganisha na yule asiyenunua chochote, ni mzuri. Lakini fikiria kidogo. Maziwa yanaenda tumboni. Mvuke unaenda kwenye mapafu, kutoka hapo unaingia kwenye damu, na damu inaupeleka kwenye ubongo. Ndiyo maana kichwa kinazunguka. Hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo mvuke unakutana na pakiti ya maziwa. Tunatibu mapafu kwa kupitia tumbo kwa sababu maziwa ni bei ya chini na maski ni bei ya juu. Kisha tunaliita jambo hilo huruma.

Na kuna kitu kingine ambacho hatupendi kukitaja. Gundi nyingi za aina hii, za viatu na za kapeti zile za raba, huwa na toluini au vimiminika vya ukoo wake. Ni kitu kile kile kilicho ndani ya kachupa ka yule kijana wa mtaani anayesimama kwenye roundabout. Tukimwona tunafunga vioo vya matatu. Tunasema masikini, anaharibu ubongo wake. Tunampita, tunafika nyumbani, tunamlipa baba wa watu apige magoti juu ya kitu hicho hicho kwa saa nane, dirisha likiwa limefungwa, na tunamwambia amalize haraka. Huyo kijana tunamwita mlevi. Huyu tunamwita fundi. Mapafu hayajui tofauti ya majina hayo.

Najua utaniambia nini, kwa sababu nimeyasema yote mimi mwenyewe.

Utasema mafundi wenyewe hawapendi maski. Ni kweli, wengi wanazivua. Lakini ni maski gani ambazo wamewahi kupewa? Zile za kitambaa cha samawati tulizobaki nazo tangu korona. Hizo, na hata zile nyeupe nzito za vumbi, hazizuii mvuke. Mvuke unapita humo kama mbu kwenye neti iliyotoboka. Kinachozuia mvuke ni maski ya raba yenye vichujio vya mkaa pembeni, na vichujio hivyo hubadilishwa vikichoka. Mtu akipewa kitu ambacho hakisaidii na kinampa jasho, ana akili timamu akikivua.

Utasema hakuna pesa. Tulikuwa na pesa ya vanishi ya kwanza, ambayo ilikuwa bure. Tulikuwa na pesa ya freshna kila wiki mbili. Tulikuwa na pesa ya petroli. Nilipojumlisha, tulikuwa tumetumia karibu sawa na siku mbili za fundi ili tusimlipe fundi siku mbili. Kuficha hakujawahi kuwa rahisi. Ni vile tu unalipa kidogo kidogo na hakuna anayekuonyesha risiti.

Utasema, basi ng'oa hiyo ngazi uweke mpya, ama mimina ya zege. Fundi alipokwangua kidato cha kwanza hadi kwenye ubao alisimama akakipapasa. "Hii ni mvule, madam. Hii hupati siku hizi." Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, sote tuliona bei ya mbao ilikoenda. Mtu alikata mti mkubwa, akapasua, akajenga ngazi ya kudumu. Kisha mwingine akamwaga gundi juu yake ili kapeti isiteleze.

Na utasema, mwisho kabisa, nyumba si yako. Hapa nakusikia vizuri. Mpangaji wa Nairobi hufundishwa mapema asipende nyumba. Unaweka dipositi, unaishi, unatoka, wanakukata pesa ya rangi. Kwa nini nijisumbue kwa ajili ya ngazi ya mtu? Lakini ona jinsi mnyororo ulivyo. Aliyetutangulia alifikiri hivyo, akapuliza freshna. Wa kabla yake aliweka kapeti juu ya doa. Mwenye nyumba haishi humo, kwa hivyo hainuki kwake. Kila mtu anamwachia anayekuja, na anayekuja daima ni mtu kama wewe: kazi ya kwanza, godoro moja, mkopo wa HELB. Mwenye nyumba ana jukumu, na nitarudi kwake. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikipumua, na dadangu, na yule mzee.

Kuhusu yule mzee, sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na vitu vya hatari. Wakili anaweza kubishana siku nzima kama mpangaji aliyeita fundi wa siku nne ni mwajiri au la. Mimi sihitaji wakili. Nilimlipa, nikampangia, nikamharakisha. Hiyo ni kazi ya bosi, hata kama bosi analala kwa godoro sakafuni.

Fundi alipumzika siku tano, nasi tukamlipa mbili kati ya hizo. Ingekuwa zote tano. Aliporudi tulianza upya, na safari hii tulimuuliza yeye badala ya kumwambia. Hivi ndivyo tulivyofanya, na ndivyo ningekuomba ufanye ukikutana na ngazi ya aina hii.

Tulianza kwa kuijua gundi. Alibandika kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni juu ya baka moja, akaacha dakika kumi na tano. Pale ilipolainika na kuwa nyeupe nyeupe, ilikuwa gundi ya maji, na skrepa iliitoa bila kemikali yoyote. Maji kidogo tu, kisha unakausha, maana ubao ukilowa sana unapinda. Pale ilipokataa, ilikuwa ya raba. Hiyo aliilainisha kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, kidato kimoja kwa wakati, madirisha ya juu na chini yakiwa wazi, mtungi wa gesi ukiwa nje, simu na kiberiti mbali, maski ya mkaa usoni. Spiriti nayo inashika moto, kwa hivyo hakuna aliyepika hadi jioni. Tulikula githeri baridi, na hakuna aliyekufa. Vitambaa vilivyotumika vilitandazwa nje vikauke, havikurundikwa kwenye ndoo.

Aliniambia pia, ukikuta gundi nyeusi kama lami, acha. Usiikwangue ikiwa kavu, usiipige msasa. Gundi nyingine za zamani za aina hiyo ziliwekwa nyuzi za asbesto, na vumbi la asbesto halina maziwa wala maski ya dukani. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa vyake. Na rangi ya zamani ya pembeni mwa ngazi inaweza kuwa na risasi, kwa hivyo nayo usiipige msasa kavu ovyo, hasa nyumba ikiwa na mtoto.

Baada ya gundi, msasa. Alianza na ule wa namba 60, akaenda 80, akamaliza na 120, na hapa sasa zile maski nzuri za vumbi zina kazi. Tukafagia, tukapangusa, halafu tukafanya jambo gumu kuliko yote: tukangoja. Siku nne, madirisha wazi, bila kupaka chochote. Ukiufunga ubao ukiwa bado na unyevu au spiriti ndani, umefungia harufu mpya juu ya ile ya zamani.

Kisha shelaki. Mafundi wa fanicha wa mji huu wanaijua sana: vile vipande vyembamba vya rangi ya asali wanavyoloweka kwenye spiriti kutengeneza polishi. Vinatokana na utomvu wa mdudu mdogo wa huko India na Thailand. Shelaki hukauka haraka na ina sifa moja ambayo vanishi yetu ya Jumamosi haikuwa nayo: inafunga harufu iliyobaki ndani ya vinyweleo. Mikono miwili, halafu juu yake vanishi ngumu ya kukanyagwa. Ukinunua, omba shelaki iliyotolewa nta, la sivyo vanishi inaweza kukataa kushika.

Hapa mtu mjanja ataniuliza: kwani shelaki si kufunika pia? Ni kufunika. Tofauti iko kwenye kilichotangulia. Daktari anayeshona kidonda alichokisafisha na anayeshona juu ya usaha wote wana sindano na uzi. Mimi sina ugomvi na rangi wala vanishi. Nina ugomvi na kulipia ya juu tu, na kumwachia mtu mwingine ya chini.

Mwenye nyumba tulimpelekea bili na picha za kila kidato, kabla na baada. Tuliomba alipe nusu. Akajibu, "Harufu gani? Mimi sijawahi kusikia harufu." Nilimwamini. Hakuwahi kusikia. Baada ya simu nyingi alikubali kukata nusu nyingine ya kodi ya ule mwezi, na mkataba mpya una sentensi moja tuliyoandika wenyewe: kapeti haitabandikwa tena kwenye ngazi kwa gundi. Ni sentensi ndogo. Atakayekuja baada yetu hatajua ilitoka wapi.

Fundi bado anaendelea na kazi huko mitaani. Ile maski tulimwachia. Hatukumfanyia hisani. Ilikuwa sehemu ya bei ambayo tangu mwanzo nilitaka kuikwepa.

Kwa hivyo ukimwita fundi wiki hii aje akutolee kapeti, rangi, gundi, chochote kinachonuka, mnunulie maziwa ukitaka. Jua ni kali, na mtu amechoka. Lakini mnunulie saa nne, wakati wa chai. Saa mbili asubuhi, kabla hajapiga magoti, fungua madirisha yote, toa mtungi nje, na umpe maski.